Mche wa mtufaha uliokaa kama fimbo: kutafuta kwa nini hautoi matawi

Kabla hujafungua chupa yoyote ya dawa, chukua uzi mwekundu na rula. Funga uzi huo kwa ulegevu kwenye shina la mche, chini ya jani la juu kabisa lililokwisha kukunjuka. Pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye ncha, andika. Rudi baada ya siku 7, pima tena. Fanya hivyo kwa miche 10 iliyotawanyika kitaluni, ya pembezoni na ya katikati, usichague ile mizuri iliyo karibu na bomba la maji. Tofauti ya vipimo hivyo viwili itakujibu nusu ya maswali yote yanayofuata hapa.

Kitaluni kwangu, Njombe, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mche wa mtufaha unaopata sentimita 7 hadi 10 kwa wiki uko mbioni, na ukiupulizia dawa ya matawi utaitika. Unaopata sentimita 3 au 4 huitika nusu nusu. Ule ambao haujasogea hauitiki, hata uuogeshe dawa. Naanza na hili kwa sababu karibu kila anayekuja kwangu na shida ya matawi huuliza aongeze dawa kiasi gani, kumbe miche yake imesimama tangu wiki tatu zilizopita. Dawa hizi haziupi mti nguvu. Kazi yake ni kuigawa upya nguvu iliyopo, ili kilele kisiichukue yote na macho ya pembeni yapate fungu lake. Mti usio na nguvu hauna cha kugawa.

Shida hii si ya urembo. Mzee mmoja kutoka Makete alisimama kwenye tuta langu, akashika mche mmoja shingoni, akaniambia, "Mama, fimbo ninazo nyumbani. Mimi nimefuata mti." Alisema kweli. Mche unaotoka kitaluni ukiwa na matawi 5 hadi 8 yaliyofunguka vizuri, kuanzia kama sentimita 60 kutoka ardhini, huanza kumpa mkulima matunda takribani mwaka mzima kabla ya ule ulio fimbo tupu, kwa sababu fimbo lazima kwanza itumie msimu kujenga matawi ambayo mwenzake alikuja nayo.

## Kinachoyashikilia macho

Kwenye kwapa la kila jani kuna jicho, na jicho hilo lina kila kitu cha kuwa tawi. Halifunguki kwa sababu kilele na majani machanga yanayokizunguka hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka chini kupitia shina na kuyazuia macho yaliyo chini yake. Miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha jambo hili kwa mimea jamii ya maharage: walikata kilele, wakapaka oksini kwenye kidonda, na macho ya chini yakaendelea kulala kana kwamba kilele bado kipo. Upande wa pili iko sitokinini, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mizizi na kupanda juu, na kazi yake kwa jicho ni kuliamsha. Skoog huyo huyo alikuwa kwenye kundi lililotangaza kinetini, sitokinini ya kwanza kujulikana, mwaka 1955.

Dawa ya matawi tunayoitumia kitaluni ni sitokinini ya kutengenezwa, benziladenini, ambayo kwenye lebo huandikwa 6-BA au BA. Mara nyingi huchanganywa na jiberelini, homoni ya kurefusha, aina ya GA4+7, kama ilivyo kwenye dawa ya dukani iitwayo Promalin, ambayo ina asilimia 1.8 ya kila moja. BA hufungua jicho. GA4+7 husaidia kitawi kilichofunguka kirefuke, kisibaki kishada cha majani. Shika majina hayo mawili kichwani, kwa sababu hasara kubwa kuliko zote nilizopata ilitokana na kutoyasoma.

## "Nimepulizia, wiki tatu zimepita, hakuna jicho lililofunguka"

Anza kwenye ncha. Inamia uitazame kwa karibu. Ncha inayokimbia ina kijani cha kung'aa, majani yake machanga yamesimama yakikumbatiana, na ukiigusa ni laini kama mchicha. Ncha iliyosimama ina majani yaliyolingana ukubwa, yamekoza rangi na kutanuka yote, na katikati yake kuna kijicho cha kahawia kilichojifunga kwa magamba. Ukiona hilo gamba, weka kipulizio chini. Mti umejifunga, na mara nyingi sababu ni maji. Huku kwetu miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mtufaha mwingine, Julai na Agosti huanza kukimbia Septemba, halafu Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika, watu wanamwagilia kwa kuonea huruma ndoo. Wiki mbili za kiu zinatosha kuufunga mche. Rudisha unyevu hadi kina cha kiganja na kidole, weka naitrojeni kidogo, subiri ncha mpya itoke na kushika mbio, ndipo upulizie.

Kama ncha inakimbia na bado hakuna kitu, uliza kuhusu hali ya hewa ya siku ile. BA hufanya kazi vizuri siku zenye joto, na mimi sipulizii kama mchana hautafika nyuzi 18 hivi. Kuna wiki Desemba ambapo ukungu unakaa hadi saa sita na kila mtu amevaa sweta. Dawa iliyopulizwa wiki hiyo nimeiona ikipotea bure. Subiri siku tatu nne za jua. Lakini pia usipulizie jua likiwa la utosi, maana tone likikauka kwa dakika chache jani halijalinywa. Saa yangu ni asubuhi umande ukishapungua, au jioni kuanzia saa kumi na moja. Na mvua ikikushukia muda mfupi baada ya kumaliza, hesabu kwamba hukupulizia.

Kisha uliza umepulizia wapi. Wengi hupita na bomba la mgongoni wakiogesha mche mzima kama wanaopiga dawa ya ukungu kwenye nyanya. BA haitembei sana ndani ya mti. Hufanya kazi pale ilipoangukia. Macho yatakayoitika ni yale machanga yaliyo kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu, na hapo ndipo pa kulowesha hadi matone yaanze kudondoka. Jani kuukuu la chini ni la kuachwa. Tumia kipulizio kidogo cha mkono cha lita 1 au 2, ongeza dawa ya kusaidia tone lisambae kwenye jani, kwani majani machanga ya mtufaha yana vinyweleo na tone tupu hukaa juu yake kama shanga likaanguka. Kwa namna hii lita moja inanitosha miche 100 na zaidi.

Uliza pia umepulizia mara ngapi. Mara moja haitoshi, nitaeleza hapo chini.

Na mwisho, kama ulinunua unga wa BA badala ya dawa ya maji, nina karibu uhakika tatizo lako ni hili: BA haiyeyuki kwenye maji ya kawaida. Ukiimimina kwenye ndoo utaiona inaelea juu kama unga wa sembe, ukikoroga inashikana ukingoni, na ulichopulizia ni maji. Maabara huiyeyusha kwanza kwa kiasi kidogo cha alkali kali, kisha ndipo huongeza maji. Kazi hiyo si ya jikoni. Kama huna mtu wa maabara aliye karibu nawe, nunua iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya mimea, yenye lebo, na umuulize muuzaji kama imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa hapa Tanzania.

## Hesabu ya kipimo

Lebo huandika ppm, yaani miligramu kwa lita, na watu huogopa hapo. Dawa yenye asilimia 1.8 ina takribani miligramu 18 za BA kwa kila mililita. Ukitaka 500 ppm, gawa 500 kwa 18, unapata karibu mililita 28 kwa lita moja ya maji. Ukitaka 250 ppm, ni mililita 14. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usipime kwa kifuniko. Aina ya mtufaha, hali ya hewa na maelekezo ya lebo yako ndivyo vitakavyoamua uanzie wapi. Mimi huanza na 250 kwenye miche 20, naisubiri wiki mbili, ndipo naamua. Maji yenye pH (kipimo cha tindikali na alkali) iliyozidi 8, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya visima virefu, hayafai kuchanganyia. Tumia ya mvua au ya mto. Changanya unachokimaliza siku hiyo.

## "Miche imerefuka kama ufito, hakuna tawi hata moja"

Hii ndiyo hasara niliyoitaja. Mwaka wangu wa pili kitaluni niliingia duka moja la pembejeo nikaomba dawa ya kutoa matawi. Nikapewa vipakiti vya unga, nikaambiwa ni homoni ya kukuza, hiyo hiyo. Sikusoma. Nilipulizia matuta matatu. Siku ya kumi nilifurahi, kwa sababu miche ilikuwa imepanda kwa namna ambayo sijapata kuona. Wiki ya tatu nikaelewa. Pingili zilizokuwa na urefu wa kidole gumba zilikuwa zimezidi kidole cha kati, majani yamekuwa membamba na yamepauka, shina halijanenepa, na upepo wa jioni ulikuwa unailaza miche kama nyasi. Macho yote yamelala. Nilipokiokota kipakiti kimoja kwenye shimo la taka nikakisoma, kiliandikwa GA3.

GA3 ni jiberelini pia, lakini ikiwa peke yake hurefusha tu. Haina uwezo wa kulifungua jicho la pembeni, na inazidi kukipa kilele ubabe. Ina kazi zake halali kwenye mazao mengine. Kwenye mche wa mtufaha unaotaka matawi, ni kinyume cha ulichokifuata. Basi ukiwa dukani tafuta herufi BA au 6-BA kwenye sehemu ya viambato. Usipoziona, rudisha pakiti.

Kama umeshapulizia, usijaribu kusahihisha kwa kumwaga BA juu yake wakati uleule. Funga kila mche kwenye mti wa kuegemea, punguza naitrojeni, acha shina likomae, na mwezi wa nane ulikate kwa njia nitakayoieleza mwishoni. Ile ya kwangu niliiuza mwaka uliofuata ikiwa na matawi mazuri. Nilichelewa mwaka, sikupoteza miche.

Urefu wa namna hiyo unaweza pia kutoka kwenye msongamano. Ukisimama kwenye njia kati ya mistari saa sita mchana na huoni mwanga wa jua ukifika kwenye majani ya chini, miche yako inagombania mwanga, na mche unaogombania mwanga hutupa kila kitu juu. Nafasi yangu ni sentimita 30 kati ya mche na mche, mita 1 kati ya mistari. Kuna kipindi niliwahi kuibana hadi sentimita 15 ili nipate miche mingi kwenye tuta, na hakuna dawa iliyoweza kunisaidia. Palizi nayo ihesabu humu: mahindi ya jirani yaliyokua ukingoni yanatosha kuuharibu mstari mzima wa pembeni.

## "Matawi yametoka, lakini yote yamerundikana mahali pamoja"

Au: yametoka chini mno, karibu na pale ulipobebesha. Hili ni tatizo la tarehe, na ukishalielewa utaweza kuliongoza kwa vidole vyako.

Tawi hutokea pale ambapo kilele kilikuwa siku uliyopulizia. Kilele kikiwa kwenye sentimita 40, matawi yatatoka kwenye sentimita 30 hadi 40, na hapo mkulima atakuja kuyakata yote, kwa sababu matunda yake yataburuza ardhini na jembe halitapita. Kilele kikiwa kwenye 120, utakuwa na mti wenye kofia juu ya fimbo ndefu. Na ukipulizia mara moja tu, utapata pete moja ya matawi, kisha uchi mtupu juu yake, kwa sababu kilele kimeshaukimbia ukanda uliolowa.

Kwa hiyo mimi hutundika ufito wenye alama kwenye kila tuta. Alama ya kwanza iko sentimita 70. Miche mingi ikifika hapo, napulizia mara ya kwanza. Siku 7 hadi 10 baadaye, kilele kikiwa kimeongeza sentimita 10 hivi, napulizia ncha mpya. Tena mara ya tatu, na kwa aina ngumu mara ya nne. Matawi huja kwa ngazi, moja juu ya jingine, yakizunguka shina. Dozi ndogo mara tatu nne imenifaa kuliko dozi kubwa mara moja, kwa matawi na kwa afya ya kilele.

Miche haifiki 70 kwa pamoja. Usisubiri ya mwisho. Pita na uzi, ifunge iliyofika, pulizia hiyo, rudi baada ya siku 5 kwa iliyofuata. Ni kazi ya kutembea, lakini kitalu cha miche 2,000 mtu mmoja anakimaliza asubuhi moja.

Aina nazo hazifanani. Golden Delicious hunipa matawi bila kusumbua. Red Delicious ni ngumu. Anna na Dorsett Golden, ambazo ndizo zinazoulizwa sana kwenye sehemu zisizo na baridi kali, zinahitaji kuwahiwa zikiwa kwenye mbio. Na shina la chini, lile lenye mizizi ulilobebeshea, linasema pia: MM111 na MM106 husukuma kuliko M9, na penye kusukumwa ndipo matawi hutoka.

## "Kilele kimeduwaa, majani yamejikunja"

Usikimbilie kuilaumu dawa, wala usikimbilie kuitetea. Geuza jani.

Ukiona unga mweupe, jani limekuwa jembamba na kukunjika kwa urefu kama mtumbwi, hiyo ni ubwiri unga. Ugonjwa huu hulala ndani ya macho msimu wa baridi na huamka na kilele, ndiyo maana unaonekana kwanza juu. Kata ncha hiyo hadi kwenye jani safi, itie kwenye mfuko papo hapo, pulizia salfa kwa kipimo cha lebo. Mche uliokatwa ncha utatoa chipukizi jipya. Chagua moja liwe kilele kipya.

Ukiona jani limejikunja kwenda chini, linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidukari. Pamba nyeupe kwenye makwapa na kwenye vidonda ni vidukari sufi. MM106 na MM111 mizizi yao inawastahimili, lakini sehemu uliyobebesha juu haina kinga hiyo.

Ukikuta jani ni safi pande zote, ila ni nene kuliko kawaida, limepinda, kingo zimeungua kahawia, na macho mengi mafupi yamefumuka kwa pamoja kama ufagio mdogo, hapo umezidisha. Ama ulikosea hesabu, ama ulirudia kabla ya siku 7, ama mche ulikuwa na kiu siku uliyopulizia. Simamisha dawa, mwagilia, usiongeze mbolea kwa hasira. Kilele cha mche wenye afya kwa kawaida huendelea baada ya wiki mbili hivi. Kisipoendelea, chagua kitawi cha juu kilichonyooka, kifunge kwenye mti wa kuegemea kiwe kiongozi.

## "Matawi yapo, lakini yamesimama wima"

Uliza kama ulikata kilele. Kukata kilele ndiyo njia ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria, na kweli hutoa matawi. Hutoa matawi mawili, matatu au manne, yote kutoka kwenye macho ya juu kabisa, yote yakipanda kama mikono ya mtu anayeomba dua, yote yakitaka kuwa kiongozi. Pembe yake na shina ni nyembamba, gome hubanwa katikati, na mwaka wa tatu tawi likibeba matunda hupasuka hadi chini. Tawi linalotoka kwa BA kilele kikiwa bado kipo hufunguka lenyewe kwa upana.

Yaliyosimama unaweza kuyasaidia kwa kibanio cha nguo, yakiwa na urefu wa sentimita 5 hadi 8, bado laini. Bana kibanio kwenye shina, juu tu ya kitawi, mikia yake ikisukuma kitawi chini hadi kilale kama saa tatu kamili. Kiache wiki tatu, ukitoe kitawi kikiwa kimekomaa kwenye pembe hiyo. Tawi lililokwisha kuzidi nusu ya unene wa shina pale lilipotokea, liondoe mapema. Litageuka kuwa shina la pili.

## Mbolea: rangi ya jani kwanza

Majani ya chini yakipauka na kuwa njano huku ya juu yakibaki kijani cha wastani, mche una njaa ya naitrojeni. Kipimo changu ni kizibo kimoja cha soda cha CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, takribani gramu 5, kwa kila mche, nikiizungusha kiganja kimoja kutoka kwenye shina na kuifukia, udongo ukiwa na unyevu. Mara ya kwanza mche ukiwa na sentimita 20, kisha kila baada ya wiki tatu, mara tatu kwa msimu. Kwa nafasi ya sentimita 30 kwa mita 1, kila mzunguko ni kama kilo 167 za CAN kwa hekta, hivyo sioni sababu ya kuongeza. Mzunguko mmoja upange uwe siku 10 hivi kabla ya kupulizia mara ya kwanza, ili dawa imkute mti mbioni. Baada ya Januari siweki tena. Naitrojeni ya Machi huuacha mche ukiwa laini, na baridi ya Juni na Julai, ambayo huku huja na barafu ya alfajiri kwenye mabonde, hukausha ncha zote ulizozihangaikia.

Urea inafanya kazi hiyo hiyo, lakini ina naitrojeni asilimia 46 dhidi ya takribani 27 za CAN. Kizibo kilekile kimejaa urea kikigusa shina huunguza. Ukiona majani yameungua kingo siku chache baada ya kuweka mbolea, chimbua ulichokifukia na mwagilia kwa wingi.

Mche ukiwa umedumaa, majani madogo yenye wekundu wa zambarau, na mbolea ya naitrojeni haibadilishi kitu, shuku udongo. Udongo wetu mwekundu wa nyanda za juu una tindikali, na tindikali hiyo huifunga fosforasi isiufikie mzizi. Pima pH; ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo miezi kadhaa kabla ya kupanda, pamoja na samadi iliyooza kabisa na DAP, mbolea yenye fosforasi, kwenye tuta. Ukiendelea kutumia SA, yaani salfeti ya amonia, mwaka baada ya mwaka unaiongeza tindikali hiyo hiyo.

Dalili inayodanganya kuliko zote ni ya zinki. Ncha inatoa kishada cha majani madogo, membamba, yaliyobanana kama ua, na chini yake shina liko uchi. Mtu huona kishada akadhani matawi yanakuja. Hayaji. Hutokea sana pale mtu alipozidisha chokaa au fosfeti. Pulizia zinki ya majani kwa kipimo cha lebo, na usubiri majani yanayofuata yawe na ukubwa wake wa kawaida kabla ya kugusa BA.

## "Sina hela ya dawa"

Basi una vidole, na njia hii naipenda kuliko zote kwa mtu mwenye miche mia mbili. Oksini nyingi hutoka kwenye majani machanga yanayoizunguka ncha. Yatoe hayo, uiache ncha yenyewe.

Shika kilele kwa mkono wa kushoto, taratibu. Majani yaliyokwisha kutanuka yaache. Juu yake utaona majani manne au matano yaliyofunguka nusu, rangi yake bado changa. Yachune moja moja kwa kucha, ukichukua jani na kuacha kikonyo chake, kwa sababu jicho limekaa kwapani mwa hicho kikonyo. Endelea hadi ibaki ncha ndogo kama punje mbili za mchele zilizoshikana. Hiyo usiiguse. Ukiivunja umekata kilele, na utapata yale matawi ya dua. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara nne, ukianzia alama ileile ya sentimita 70. Nawa mikono ukikutana na mche wenye ubwiri. Wenye dawa kidogo wanaweza kuunganisha: chuna, kisha pulizia dozi ndogo jioni yake.

## "Ni mwaka wa pili, na shina bado liko uchi"

Hapa sababu inaweza kuwa baridi. Mtufaha ukikosa saa zake za baridi hufungua macho ya juu kabisa, mengine yakalala moja kwa moja. Anna na Dorsett Golden zinahitaji baridi kidogo sana. Aina za Ulaya zinahitaji mara kadhaa ya hiyo, na ukizipeleka bondeni kwenye joto shina litabaki uchi hata ufanye nini. Hilo halina dawa kitaluni. Badilisha aina.

Kwa mche uliopata baridi yake na bado uko uchi, kuna kazi mbili za mwezi wa nane. Ya kwanza ni mkato juu ya jicho: chukua kipande cha blade ya msumeno wa chuma, kata gome milimita 2 au 3 juu ya jicho unalolitaka, theluthi moja ya mzunguko wa shina, ukome unapohisi meno yamegusa mti mgumu. Fanya hivyo wiki mbili hadi nne kabla macho hayajavimba. Mkato unakata njia ya oksini inayoshuka, na jicho la chini yake linaachwa huru.

Ya pili ndiyo niliyoitumia kwa ile miche yangu ya GA3, na wenye vitalu wa Uholanzi wameifanya kuwa kazi yao ya kila mwaka. Kata shina lote kwenye sentimita 70. Macho ya juu yakichipua, acha moja lililonyooka, mengine yatoe yote kwa kidole yakiwa bado laini, na rudia kuyatoa kila wiki. Sasa una mizizi ya miaka miwili inayolisha chipukizi moja. Hilo hukimbia kuliko mche wowote wa mwaka wa kwanza, na likivuka sentimita 10 juu ya mkato, funga uzi wako mwekundu, pima, na anza kupulizia.